Kibao cha Bei Kinachobadilishwa: Namna ya Kukieleza Kifaa kwa Maneno

Mtahiniwa, insha ya maelezo ikikutaka ueleze kifaa, usianze na umuhimu wake. Katika majibu ninayosahihisha, sentensi ya kwanza mara nyingi huwa "kifaa hiki kina umuhimu mkubwa katika jamii". Sentensi hiyo inafaa kwa jembe, kwa simu na hata kwa choo, kwa hiyo haijaeleza chochote. Msomaji anataka kwanza kujua kifaa kikoje, kina sehemu zipi, na kinafanyaje kazi. Umuhimu utajitokeza wenyewe baadaye.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho: kibao cha bei.

Fika Kagongwa, wilayani Kahama, mji unaojulikana kwa biashara ya mchele. Mchele umepangwa kwa mafungu, na juu ya kila fungu pamechomekwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makapeni jina la mchele na bei yake. Mchele wenyewe unaweza kuwa uleule kwa wiki nzima, lakini bei haitulii. Mpunga mpya ukiingia katikati ya mwaka, bei hushuka. Akiba ikipungua na mvua za kilimo zikianza, hupanda. Muuzaji anayetumia boksi na makapeni ana njia mbili tu: kukata boksi jingine, au kufuta kwa kuchora mstari juu ya bei ya zamani na kuandika mpya pembeni. Njia ya pili huleta ugomvi. Mteja ataonyesha bei iliyofutwa na kusema, "Mbona hapa umeandika hii?"

Kibao kinachobadilishwa kimetengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Ni kibao cha mbao, bati au plastiki chenye sehemu za aina mbili: zisizobadilika na zinazobadilika. Ukishika tofauti hiyo, umeshika insha nzima.

Zisizobadilika ni jina la bidhaa, kipimo chake (kwa kilo, kwa kisado, kwa debe) na alama ya shilingi. Hizi huandikwa kwa rangi ya kudumu. Inayobadilika ni tarakimu. Katika aina rahisi, kibao kina mfereji mwembamba kwa chini, na ndani yake huchomekwa kadi ndogo zenye namba kuanzia 0 hadi 9. Aina nyingine ina magurudumu madogo yaliyopangwa sambamba, kila moja likiwa na tarakimu kumi kwenye ukingo wake. Unalizungusha kwa kidole mpaka namba unayoitaka ionekane dirishani.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Tuseme bei ya kilo moja ilikuwa 2,400 na sasa ni 2,600. Ni tarakimu moja tu iliyobadilika. Kwa kuwa bei ya mchele rejareja kwa kawaida hupanda au kushuka kwa mamia, muuzaji mwerevu anaweza kupaka rangi sifuri mbili za mwisho moja kwa moja kwenye kibao na kuacha nafasi mbili tu za kubadilisha. Hapo kadi zitakazohitajika ni chache, na zitakazopotea ni chache pia.

Kibao cha namna hiyo hakiwezi kufaa kwenye kituo cha mafuta. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na bei hizo huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Vituo vyote vinatakiwa kuonyesha bei katika mabango yanayoonekana wazi. Bei ya mafuta haiishii kwenye mamia. Huweza kuishia kwenye shilingi yoyote. Kwa hiyo bango la kituo lazima liwe na nafasi nne zinazobadilika. Tuchukue namba za mfano: kutoka 2,898 kwenda 2,903 ni tofauti ya shilingi tano tu, lakini tarakimu tatu kati ya nne zimebadilika.

Mabango mengi ya aina hii hutumia tarakimu ya vipande saba: vitatu vimelala, vinne vimesimama, na vyote kwa pamoja huunda 8. Ukizima au kuficha baadhi, unapata namba nyingine. Ficha kipande cha kati, 8 inakuwa 0. Ficha kile cha chini kushoto, inakuwa 9. Ficha viwili vya kushoto, inakuwa 3. Namba 1 inahitaji vipande viwili tu. Katika mabango ya umeme vipande hivyo ni taa. Katika yale ya mkono ni vibati vyenye bawaba vinavyofunguliwa na kufungwa. Jaribu kuchora 8 kwenye daftari kwa vijiti saba vya kiberiti, kisha ondoa kimoja kimoja. Ukiweza kueleza kwa maneno ulichofanya, umejifunza insha ya maelezo kuliko kwa kukariri utangulizi wa mtu mwingine.

Turudi kwenye kipimo, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu hupotelea. Bei bila kipimo haina maana. "Supa 2,600" ni kwa kilo au kwa kisado? Kisado hujazwa kwa mkono, na mkono wa muuzaji unajua kujaza na unajua kupunja. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo husisitiza matumizi ya mizani, na ndiyo maana lumbesa, yaani gunia linaloshonewa kilemba juu, imepigwa marufuku: mkulima analipwa bei ya gunia moja huku ametoa gunia na ziada. Bei iliyoandikwa haikudanganya. Kipimo ndicho kilichodanganya. Geita nako, kwenye soko la madini lililofunguliwa Machi 2019, dhahabu huuzwa kwa gramu, na mchimbaji mdogo asiyeangalia mizani hawezi kulindwa na namba iliyo ukutani. Kwa hiyo katika insha yako, kipimo kikae pamoja na sehemu zisizobadilika, na useme kwa nini.

Mada hii pia inagusa sarufi. Neno "kibao" limetokana na "ubao": kiambishi ki- kimechukua nafasi ya u- kuonyesha udogo, na nomino ikahamia ngeli ya KI-/VI-. "Lebo" limetoholewa kutoka Kiingereza na liko katika ngeli ya I-/ZI-, kwa hiyo andika "lebo hii", "lebo hizi", na usiandike "malebo". "Bei" lina asili ya Kiarabu. Angalia pia "mpunga", "mchele" na "wali". Zao ni moja, lakini muuza mchele wa Kagongwa akiandika "wali" kwenye kibao chake, wateja watakuja na sahani.

"Kibao" vilevile lina utata. Sentensi "Juma alipewa kibao sokoni" ina maana zaidi ya moja: alipewa kipande cha ubao, au alipigwa kofi. Na katika "watu kibao", neno hilo linaeleza wingi. Katika insha ondoa utata kwa kuandika "kibao cha bei" mara ya kwanza. Baada ya hapo "kibao" kitaeleweka.

Soma aya hii ya mfano:

"Kibao cha bei ni ubao mdogo unaowekwa juu ya bidhaa ili mnunuzi ajue jina lake, kipimo chake na bei yake. Jina na kipimo huandikwa kwa rangi isiyofutika. Chini yake kuna mfereji unaoshika kadi za namba. Bei inapobadilika, muuzaji huchomoa kadi iliyopitwa na wakati na kuchomeka nyingine bila kugusa maandishi mengine."

Ina sentensi nne, haina "umuhimu mkubwa", na mtu asiyewahi kukiona kibao anaweza kukitengeneza.

Zoezi
Muuza nyama anauza nyama ya mifupa na steki kwa bei mbili tofauti, zote kwa kilo. Kwa maneno yasiyopungua 150 na yasiyozidi 200, eleza kibao kimoja kitakachomfaa, ukitaja sehemu zipi zitakuwa za kudumu na zipi zitabadilika. Kisha toa maana mbili za sentensi hii: "Muuza nyama amemnunulia mwanawe kibao."