Kesi ya injini zenye kelele ndogo ina funzo kwa mafundi wa Kasongo na Kabambare

Fundi wa Kasongo akibuni mashine mpya ya kukoboa mpunga, au wa Kabambare akipata njia mpya ya kuosha dhahabu, kisha akaionyesha sokoni kabla ya kuiandikisha, anaweza kupoteza haki yake. Makampuni ya injini za ndege yanalijua jambo hilo vizuri.

Pratt & Whitney ya Marekani hutengeneza injini zenye giya kati ya feni na turbini. Giya hiyo huiacha feni izunguke polepole, na kelele hupungua. Air Tanzania inarusha ndege za Airbus A220 zenye injini hizo.

Mshindani wake, General Electric, aliomba hati moja ya uvumbuzi, yaani brevet, ya injini za aina hiyo ifutwe. Ushahidi wake ulikuwa andiko la NASA la mwaka 1987. Ofisi ya hati ya Marekani ilikubali. Lakini tarehe 16 Aprili 2021 mahakama ya rufaa iliupindua uamuzi huo: injini ya kwenye andiko ilitegemea vifaa ambavyo havikuwepo. Kuiwazia injini kwenye karatasi hakutoshi. Andiko lazima limwezeshe fundi mwingine kuitengeneza.

Nchini Kongo, sheria ya tarehe 7 Januari 1982 inadai uvumbuzi uwe mpya, na hati yake hudumu miaka 20. Maombi hupelekwa wizara ya Viwanda, Kinshasa.

Hati hulinda ndani ya nchi iliyoitoa tu. Ile ya Marekani haimfungi fundi wa Kasongo, na ya Kinshasa haimzuii mtu wa Kigoma kuiga. Hata hivyo, kwa Mkataba wa Paris, aliyeomba Kinshasa ana miezi 12 ya kuomba Tanzania au Uganda, akihesabiwa tarehe yake ya kwanza.

Kinshasa ni mbali na gharama ni nzito kwa mtu wa Maniema. Lakini hatua za mwanzo anaweza kuzichukua nyumbani: achore mashine yake, aeleze kila sehemu inavyofanya kazi, aandike tarehe, na asimwonyeshe mnunuzi mpaka ombi limepokelewa.