Kati ya Exetat na chuo kikuu: miezi mitatu isipotee bure

Kila mwaka ni vile vile. Matokeo ya Exetat yanatoka, simu zinalia, vijana wanamwagiana pudre nyeupe mu barabara, mama anachinja kuku. Kisha furaha inatulia na siku zinaanza kuwa ndefu. Mara nyingi masomo ya chuo kikuu hayaanzi mbele ya mwezi wa kumi. Katikati kunabaki miezi mitatu, wakati mwingine minne, ambamo kijana si wa sekondari tena na bado si wa chuo kikuu. Hakuna mwalimu anayemungojea. Kama kuna mtu wa kumfundisha, ni ninyi wa nyumbani: baba, mama, yaya mkubwa.

"Tena masomo? Mwache kwanza apumuzike." Wazazi wengi wanajibu hivyo, na hawakosei: kichwa kilichochoka hakishiki kitu. Wiki mbili za kupumuzika zinatosha. Kiisha pale kazi ianze, sababu mtihani aliopita na masomo yanayomungojea havifanani.

Siku nne za mwisho za Exetat ni maswali ya kuchagua. Kijana anasoma itemu, anaona majibu kadhaa, anachagua lenye kuwa kweli. Mwaka muzima amefanya mazoezi ya itemu za miaka iliyopita, amezoea kutafuta herufi. Disertasio ipo pia, lakini ni moja tu. Ku chuo kikuu, profesa anasema saa mbili ao tatu mbele ya oditwari iliyojaa, haandiki yote ku tablo, hangojei mtu. Siku ya mtihani anaomba: eleza, linganisha, onyesha sababu. Pale ndipo wengi wa mwaka wa kwanza wanaanguka. Si akili iliyokosa. Hawajazoea kusoma peke yao.

Mfumo mpya umeongeza uzito wa jambo hili. Tangu mwaka wa 2021-2022, vyuo vikuu vyetu vimeanza kuingia mu LMD: lisansi miaka mitatu, masteri miaka miwili, kisha doktora. Kila mwaka uko na kredi 60, lisansi nzima kredi 180. Na kredi haihesabu tu saa za kukaa mbele ya profesa; inahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya yeye mwenyewe. Kijana asiyejua kukaa na kitabu bila mtu wa kumsukuma anaingia akiwa na deni.

Basi, nyumbani tufanye nini? Hakuombwi feza nyingi.

Kwanza, kusoma. Kila siku achukue makala moja ya Kifaransa mu gazeti hili, aisome mpaka mwisho, alifunge, kisha aandike mistari kumi kwa maneno yake mwenyewe. Jioni amuelezee mama kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza kwa Kiswahili cha nyumbani, ile Kifaransa hajaielewa. Mzazi ambaye hakusoma sana asiseme "mimi siwezi kumsaidia." Kazi yake ni kusikiliza na kuuliza: "Sababu gani? Ilikuwa namna gani?" Maswali hayo ndiyo profesa atauliza.

Pili, kuandika noti. Awashe radio, RFI ao Radio Okapi, asikilize habari mara moja tu huku anaandika. Hakuna kurudilia. Kama wako wawili nyumbani, walinganishe kaye zao: nani aliandika neno kubwa, nani alijaza ukurasa bure?

Tatu, kuonja masomo yenyewe. Aombe silabusi ya zamani kwa jirani ambaye amepita mwaka wa kwanza, asome sura ya kwanza. Anayetaka politekniki ao ekonomia arudilie hesabu sasa, sababu fakilte fulani zinafanyisha testi ya kuingia. Kazi hii inasaidia pia kuchagua. Vijana wengi wanaandikwa mu medsini ao sheria juu mjomba alisema hivyo. Sura moja ya silabusi, na nusu siku karibu na mtu anayefanya kazi ile, vinaweza kuokoa mwaka muzima wa minervali. Vitabu vikikosekana, Lubumbashi kuna mediateki ya Institut français, na paroki fulani ziko na makabati yenye vitabu ambavyo hakuna anayevifungua.

Nne, feza. Mpatie kijana kaye ya matumizi ya nyumba kwa mwezi mmoja: unga, transporti, maji, forfé ya simu. Ataona mwenyewe kama kuishi karibu na chuo kunawezekana, ao kama atatoka nyumbani kila asubui.

Saa mbili kwa siku zinatosha, na asubui ni bora: umeme ukikatika usiku, mwangaza wa jua haulipwi. Lakini saa hizo zilindwe. Nyumba nyingi, vakansi ikifika, binti anapewa vyombo, soko na watoto wadogo toka alfajiri mpaka usiku, huku kaka yake anakaa na kitabu. Wote wawili wamepita mtihani mmoja. Kazi ya nyumba igawanywe. Na kule Kolwezi na Likasi, vijana wanaenda ku karieri kutafuta feza ya minervali. Wengine wanaizoea na hawarudi tena ku masomo. Mzazi asiyekuwa na njia ingine aweke wazi toka mwanzo: tarehe gani kijana anarudi nyumbani, na feza itachungwa na nani.

Hayo yote yanaweza kuanza leo. Tafuta kaye moja mpya, andika tarehe juu yake, na baada ya chakula cha jioni mwambie kijana akuelezee alichosoma.