Sauti ya udi ndani ya kompyuta: Bayati imepotelea wapi?

Juma lililopita nililala Witeithie, kule baina ya Juja na Thika, kwa mpwa wangu anayesoma chuo. Chumba ni kimoja: kitanda, meza, na juu ya meza kompyuta ya mtumba. Baada ya isha akanambia, "Mjomba, sikiliza taarabu niliyoitengeneza." Sauti ilikuwa ya udi kweli, lakini wimbo ulikuwa kama wa watoto wa chekechea. Alikusudia Bayati, na Bayati haikuwamo.

Tulikesha tukitafuta kasoro. Wapo wazazi wengi huku pwani ambao watoto wao wanashinda na programu hizi, kwa hivyo acha nieleze tulichokiona.

Sinthesaiza ya kompyuta haina nyuzi wala ngozi. Huanza na osileta, yaani kitoa mawimbi. Wimbi likitikisika mara 440 kwa sekunde, sikio husikia noti ya La. Wimbi la mviringo hutoa sauti laini kama ya filimbi. Lenye meno ya msumeno hutoa sauti kali. Kisha huja filta, inayopunguza ukali, kama mtu anayeimba huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Hatua ya tatu ni mwendo wa sauti: inavyopanda, inavyoshuka, inavyokaa na inavyofifia. Hapa ndipo chombo hutambulikana. Udi hupanda papo hapo ukidonolewa, kisha hufifia, haukai. Zumari hukaa maadamu mpigaji ana pumzi. Mwisho kuna wimbi la polepole, mara 5 au 6 kwa sekunde, linaloitetemesha noti kama koo la mwimbaji.

Hayo yote mpwa wangu aliyapanga sawasawa. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo cha noti. Kibodi huigawanya oktavu vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja senti 100. Katika Bayati, noti ya pili hukaa kiasi cha senti 150 juu ya ile ya kwanza. Kwenye kibodi mahali hapo hapapo: utapata 100 au 200. Udi hauna vizuizi shingoni, kwa hivyo kidole hutua kinapotaka. Kanuni ina vijiwiko vya kupandisha na kushusha uzi. Kibodi haina hata kimoja.

Dawa ipo, tena bure. Programu kama Surge XT hukubali faili ya vipimo unavyovitaka wewe. Tuliitia ile noti ya pili senti 150, kijana akapiga upya. Safari hii hakuniuliza kama ni sawa. Alijua.

Kwa nini nalishughulikia jambo hili? Kwa sababu kijana atakayekua akisikia Bayati iliyopigwa pasi, siku atakayomsikia bibi yake akiimba atadhani bibi ndiye aliyekosea. Najua baadhi yenu hamvipendi vyombo vya muziki, na hoja yenu naiheshimu. Lakini maqam hizo hizo ndizo tunazozisikia katika adhana, kaswida na kisomo cha Qur'ani. Sikio likizoea senti 100 na 200 tu, nahofia hata hayo litayaona mageni.

Wala tusiseme mitambo hii ni ya Wazungu, haituhusu. Mwaka 1944, miaka 20 kabla ya Robert Moog wa Marekani kuonyesha sinthesaiza yake ya kwanza, Mmisri Halim El-Dabh alirekodi sherehe ya zar mjini Cairo kwa mashine ya waya, akaigeuza sauti ile studioni mpaka ikawa kitu kipya. Mtambo hufuata anayeuamuru.

Tatizo ni kuwa Bayati ya Cairo si lazima iwe sawa na ya Mombasa au Lamu. Faili tuliyoitumia Witeithie haikupimwa kwenye udi wa kwetu. Ombi langu kwa wapigaji wakongwe: mpeni kijana mmoja nusu saa, mpige noti moja moja, naye apime kwa simu na aandike. Kazi hiyo haina gharama, ila mpimaji anawahitaji nyinyi mkiwa hai.