Je, Wajua? Mwenye Kipenga na Wanaompa Sheria

Je, wajua kuwa FIFA, pamoja na vyama vyake 211, haiwezi peke yake kubadili hata sheria moja ya soka? Kazi hiyo ni ya bodi iitwayo IFAB, iliyoundwa mwaka 1886, miaka 18 kabla FIFA yenyewe haijazaliwa jijini Paris. England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina kura moja moja. FIFA, iliyokaribishwa mwaka 1913, ina nne. Sheria haipiti bila kura sita kati ya nane. Ndiyo kusema Wales ina kiti mezani, na Brazil yenye makombe matano ya dunia haina. Haki iko wapi hapo, jibu mwenyewe.

Je, wajua kuwa zamani refa alisimama nje ya uwanja? Kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na refa aliulizwa pale tu hao wawili walipovutana. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa ndani na kukabidhiwa mamlaka yote, wale wawili wakabaki kushika vibendera.

Fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, Montevideo mwaka 1930, ilichezeshwa na Mbelgiji John Langenus, koti na tai shingoni. Argentina na Uruguay ziligombania mpira wa kuchezea, kila moja ikitaka wa kwake. Langenus akaamua utumike mmoja kila kipindi. Kwa mpira wao, Waargentina walikwenda mapumziko wakiongoza 2-1. Wauruguay walipoletewa wa kwao, wakashinda 4-2!

Na kadi? Robo fainali ya mwaka 1966 pale Wembley, refa Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín. Jamaa akagoma kutoka kwa dakika kadhaa. Yeye na refa hawakuelewana lugha. Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia marefa wa mashindano hayo, alikuwa akirudi nyumbani kwa gari aliposimamishwa na taa za barabarani, wazo likamjia: njano ya tahadhari, nyekundu ya kusimama. Kadi zilianza Mexico mwaka 1970, lakini nyekundu haikutoka mfukoni hata mara moja. Wa kwanza kulimwa nyekundu kwenye Kombe la Dunia alikuwa Carlos Caszely wa Chile, mwaka 1974.

Afrika nayo imo. Said Belqola wa Morocco alichezesha fainali ya mwaka 1998, Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo. Na Januari 18, 2022, jijini Yaoundé, Mnyarwanda Salima Mukansanga, aliyesomea uuguzi na ukunga, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Siku hiyo Zimbabwe iliifunga Guinea 2-1.

Mtunisia Ali Bennaceur ndiye aliyekubali bao la mkono la Diego Maradona dhidi ya England mwaka 1986. Lawama zilimwandama miaka mingi, lakini mpira wa siku ile alibaki nao. Novemba 2022 uliuzwa kwa mnada Uingereza, kwa pauni milioni 2.