Lubumbashi: Kundi la WhatsApp linaweza kuwatia moyo wanafunzi, ila mega ndiyo kikwazo

Jijini Lubumbashi, wanafunzi wa chuo kikuu hawakosi kundi la WhatsApp la promosheni yao. Humo hupita ratiba, tangazo la profesa, picha za silabusi na tarehe ya mtihani. Lakini kundi hilo linaweza kufanya kazi kubwa zaidi: kuwapa nguvu wanafunzi wanaojifunza kwa njia ya mradi.

Katika njia hiyo, profesa hatoi tu somo la kukariri. Anawapa wanafunzi tatizo la kweli, nao wanakwenda kulichunguza, wanagawana kazi na kurudi na jibu. Mmarekani William Heard Kilpatrick aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1918. Nchini Kongo, mfumo wa LMD, uliopanuliwa kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unaipa nafasi: katika krediti 60 za kila mwaka, kazi binafsi ya mwanafunzi nayo inahesabiwa.

Lubumbashi inaijua kazi ya namna hiyo. Kupitia mradi wa «Mémoires de Lubumbashi», ulioanza mwaka 2000, watafiti wa UNILU, akiwemo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, walikusanya kumbukumbu za wakaaji wa jiji. Elimu ilitoka vinywani mwa watu wenyewe.

Leo simu inaweza kuongeza nini? Tuchukue mfano wa Kenya. Si ile nchi, bali moja ya komini 7 za Lubumbashi, inayojulikana kwa soko lake na uwanja wa Kibasa Maliba. Wanafunzi wa uchumi wakitumwa sokoni kufuata bei ya mfuko wa kilo 25 wa unga wa mahindi kwa majuma 4, kila mmoja anaweza kutuma bei aliyoikuta kwenye kundi. Anaiona ikiingia katika jedwali la wote. Mwenzake anamsahihisha kabla profesa hajasoma. Matokeo yakiwekwa Facebook, akina mama wanaopika bukari kila siku nao wanayasoma na kuuliza maswali. Hapo mwanafunzi hafanyi kazi kwa ajili ya pointi peke yake.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaeleza kwamba mtu hupata hamu ya kazi akiwa na mambo 3: uhuru wa kuchagua, kuona kwamba anaweza, na kujisikia yuko pamoja na wengine. Kundi lililoongozwa vizuri linagusa yote 3.

Tatizo ni mega. Kwa mwanafunzi ambaye franka zake zinatosha nauli tu, video moja inaweza kumaliza mega alizonunua kwa juma zima. Umeme ukikatika, simu inazima. Asiyejibu anaonekana mvivu, kumbe hana njia. Kuna pia wanaonakili kazi ya wenzao na kuweka jina lao.

Dawa zake si za gharama. Profesa atume maandishi mafupi au sauti badala ya video. Wanafunzi 4 au 5 watumie simu moja kwa zamu, na jibu lisidaiwe usiku uleule. Kila mmoja aeleze kipande chake mbele ya wenzake, ana kwa ana, mara moja kwa juma. Na muuzaji asipigwe picha bila ruhusa yake: Sheria ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda taarifa binafsi za kila raia.

Kabla ya kufungua kundi la mradi, ni vema profesa aulize ukumbini: nani hapa hana simu, na nani hana mega? Mradi upangwe kwanza kwa ajili ya hao. Wakiweza kuufuata, wengine wote wataweza.