Mbwa Njiani Wakati wa Jua Kali

Siku moja, saa saba mchana, mtu mmoja alikuwa akirudi kutoka sokoni kwa baiskeli, na mbwa wake akimfuata nyuma. Njia ilikuwa ya kupanda, jua lilikuwa kali, wala hapakuwa na upepo. Mbwa hakulia wala hakusimama. Alikimbia tu, ulimi nje. Alipofika karibu na hospitali yetu akaanza kwenda upande upande kama mlevi, halafu akaanguka. Mate mengi yakamtoka kinywani. Watu wakakusanyika upesi, na kijana mmoja akapaza sauti: “Ana kichaa!” Wengine wakaokota mawe na fimbo.

Mwenye mbwa akasimama mbele yao. “Msimpige, ndugu zangu! Asubuhi alikula vema.” Nikamwuliza, “Baba, mmetoka wapi?” Akajibu, “Sokoni, kilometa kumi na nne.” Nikamwuliza tena, “Na mbwa alikunywa maji wapi?” Akanyamaza.

Mbwa yule hakuwa na kichaa. Alikuwa amepigwa na joto. Nitaeleza baadaye tulivyofanya, lakini kwanza ni vema kujua sababu ya jambo hili, kwa maana watu wengi hufikiri ya kwamba mbwa ni mnyama wa jua na kwamba atachoka tu, kisha atapumzika. Sivyo.

Sisi watu tukipata joto, jasho linatoka katika ngozi yote. Jasho likikauka, mwili unapoa. Mbwa ana jasho kidogo tu, chini ya nyayo zake, nalo halitoshi. Yeye hujipoza kwa kuhema. Hewa inapita juu ya ulimi na ndani ya pua, mahali palipo na maji maji. Maji yale yanakauka na kuondoka pamoja na joto. Angalia mtungi wa udongo nyumbani kwako. Maji ya mtungi ni baridi kwa sababu mtungi unatoka jasho nje, na jasho lile linakauka. Mtungi ukikaa mahali pasipo na hewa kavu, maji yake hayapoi vema. Mbwa ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo tusiogope jua peke yake. Huko Kisangani na Kindu kuna siku za mawingu, hewa nzito, nguo zinakaa kwenye kamba tangu asubuhi mpaka jioni bila kukauka. Siku kama hiyo ulimi wa mbwa nao haukauki. Anahema kwa nguvu, na joto linabaki ndani. Huko Lubumbashi, mwezi wa kumi kabla ya mvua kushika, taabu ni nyingine: jua ni kali na ardhi inawaka, na mbwa anayehema anapoteza maji mengi mwilini. Hata akilala tu kivulini, mbwa wa kilo 10 anahitaji karibu nusu lita ya maji kwa siku au zaidi. Akitembea juani anahitaji mengi kupita hayo.

Tena kuna jambo ambalo wenye mbwa hawalifikiri. Mtu aliye juu ya baiskeli anapata upepo, na miguu yake haigusi chini. Mbwa anakimbia karibu na udongo wenye moto, na koti la manyoya amelivaa. Zaidi ya hayo, mbwa anampenda bwana wake. Hasemi, “Nimechoka.” Atamfuata mpaka aanguke. Basi ni juu ya bwana kusimama, maana mbwa hatasimama mwenyewe. Mwaka 2020 waganga wa wanyama huko Uingereza waliandika habari za mbwa waliougua kwa joto, wakaona ya kwamba karibu robo tatu yao waliugua kwa sababu ya mwendo na kukimbia. Waliofungiwa ndani ya gari walikuwa wachache kuliko hao. Na Uingereza ni nchi ya baridi!

Mtu wa Ituri ataniambia, “Mbwa wetu wa kuwinda ni hodari, joto halimwezi.” Ni kweli, mbwa yule mwembamba mwenye nywele fupi, asiyebweka kama wengine, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, anavumilia kuliko mbwa mnene mwenye manyoya marefu. Lakini kazi yake ni chini ya miti mikubwa. Ukimtoa kivulini na kumkimbiza katika barabara wazi saa sita, umemwondolea msitu wake. Mbwa wengine wana hatari kubwa zaidi: mzee, mtoto, mnene, na hasa mwenye pua fupi iliyobonyea, ambaye hata kuhema kwake ni kwa taabu.

Basi utembee naye wakati gani? Alfajiri, au jioni jua likiisha kushuka na ardhi imepoa. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa mkono wako chini, ukaushike pale huku ukihesabu pole pole mpaka saba. Ukishindwa wewe, nyayo za mbwa zitaungua. Watu wa Goma wanayajua mawe yao meusi ya volkano. Mchana yanashika moto, na tena yanakata. Chukua maji katika chupa pamoja na bakuli, ukapumzike naye kila penye kivuli. Akianza kubaki nyuma, akitafuta kivuli mwenyewe, au ulimi ukiwa mrefu na mpana kuliko kawaida, safari imekwisha kwa sasa. Usimvute kamba.

Neno moja linanichukiza kila siku ya soko. Watu hufunga kinywa cha mbwa kwa kamba ili asiume wateja. Mbwa aliyefungwa kinywa hawezi kuhema, na asipohema hana njia ya kutoa joto. Ni kama kumfunika mtu blanketi karibu na moto. Kumtia katika gunia juu ya moto au lori ni vivyo hivyo.

Nirudi kwa mbwa wetu. Niliwaambia vijana wasimame mbali, nikamwuliza mwenye mbwa habari za chanjo. Alikuwa na karatasi, mbwa alichanjwa mwaka ule. Hata hivyo nilitaka mwenyewe tu amguse. Alimbeba mpaka chini ya mwembe. Tukaleta ndoo za maji, akamwagia tumbo, mapaja, kifua na shingo, na mtoto mmoja akampepea kwa ungo. Zamani tulifundishwa kutotumia maji ya baridi. Leo waganga wa wanyama wanafundisha kwamba maji yo yote yaliyo baridi kuliko mwili wa mbwa yanafaa, nayo yamwagwe upesi, kabla ya kuanza safari ya kumpeleka kwa mganga. Usimfunike kwa nguo yenye maji, maana joto linafungwa ndani. Usimmiminie maji kinywani, yataingia katika mapafu. Akiinua kichwa, mpe bakuli anywe mwenyewe kidogo kidogo.

Mwili wa mbwa mzima una joto la 38 mpaka 39 hivi, kupita sisi wenye 37. Likipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika: figo, ini, matumbo, ubongo. Kwa hiyo mbwa akisimama tena usiseme amepona. Kuhara damu, au mkojo mweusi, huweza kuonekana baadaye. Apelekwe kwa mganga wa wanyama siku ile ile ikiwezekana. (Kipima joto kilichopima mbwa kisirudi kamwe kwa wagonjwa. Andika alama juu yake.)

Na kama mbwa ni mgeni, hujui alikotoka? Mbwa wa joto huanguka baada ya mwendo au jua, naye alikuwa mzima saa chache kabla. Kichaa huonekana kwa siku kadhaa: tabia inabadilika, sauti inabadilika, anauma hata miti, taya linaanguka, hawezi kumeza. Lakini usijitie kuwa hakimu. Mbwa usiyemjua usimguse. Mwagie maji ukiwa mbali, na uwaondoe watoto. Akikuuma, au mate yake yakiingia katika kidonda, osha mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uje hospitalini siku hiyo hiyo kwa sindano. Ugonjwa ule ukiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Saa kumi mbwa alikaa kitako, akanywa. Jua liliposhuka bwana wake alimlaza juu ya mzigo, akaisukuma baiskeli kwa miguu, na asubuhi yake akampeleka kwa mganga wa wanyama.