Maoni ya Wananchi kuhusu Vipaumbele vya Maendeleo na Ufanisi wa Misaada ya Kimataifa: Mafunzo ya Usukumani kwa Kurejelea Kata ya Migato

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maoni ya wananchi kuhusu vipaumbele vya maendeleo yanavyopaswa kusomwa ili yasaidie kupima ufanisi wa misaada ya kimataifa. Mifano imetolewa katika historia ya Usukumani, hususani eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu. Hoja kuu ni kwamba jibu la mdomo ni sehemu moja tu ya maoni ya mwananchi. Sehemu nyingine imo katika kile anachokichangia, anachokilinda na anachokitengeneza kinapoharibika. Msaada unaoanzia katika sehemu hii ya pili hudumu, na ule unaoipuuza huishia kuwa kibao kilichosimama kando ya barabara.

1.0 Utangulizi

Migato ni kata katika Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Wilaya ya Bariadi, na Mkoa wa Simiyu wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mkoa wa Shinyanga na Mkoa wa Mwanza. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi, mkoa ulikuwa na watu 1,584,157 mwaka 2012 na watu 2,140,497 mwaka 2022. Hili ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi. Wakazi wengi hutegemea pamba, mahindi, mtama na mifugo, na shughuli zote hizo hutegemea mvua isiyotabirika.

Katika kata ya namna hii, kipaumbele ni jambo la uchaguzi mgumu. Fedha zikitosha kumalizia zahanati, huenda zisitoshe kuchimba kisima. Darasa likiezekwa, lambo litasubiri. Fedha hizo zinaweza kutoka halmashauri, Hazina, kwa mfadhili wa nje au mifukoni mwa wanakijiji wenyewe. Swali linalojitokeza ni hili: nani anajua wananchi wanataka nini kitangulie, na anakijua kwa njia gani? Makala haya yanajibu swali hilo kwa kuchunguza kwanza vyombo vinavyokusanya maoni, kisha lugha inayotumika kuuliza, na hatimaye historia ya misaada mitatu iliyofika Usukumani.

2.0 Vyombo vya Kukusanya Maoni

Nchini Tanzania maoni ya wananchi kuhusu maendeleo hukusanywa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni mfumo wa serikali za mitaa. Mkutano mkuu wa kijiji hupokea mapendekezo, halmashauri ya kijiji huyapanga, kamati ya maendeleo ya kata huyajadili na halmashauri ya wilaya huyaingiza katika bajeti. Tangu miaka ya 2000 mfumo huu umetumia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao baadaye uliboreshwa kwa ushirikiano na Japani. Utaratibu huo huwataka wanakijiji kuanza na kile walichonacho kabla ya kuorodhesha wanachokikosa.

Njia ya pili ni utafiti wa maoni. Utafiti wa Afrobarometer, ambao hapa nchini umefanywa kwa ushirikiano na taasisi ya REPOA, huwauliza wahojiwa kutaja matatizo muhimu zaidi yanayoikabili nchi ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia. Aidha, tangu mwaka 2013 taasisi ya Twaweza imeendesha Sauti za Wananchi, utafiti unaofanywa kwa simu za mkononi Tanzania Bara.

Njia zote mbili zina mipaka yake. Katika mkutano wa kijiji, mwenye sauti kubwa husikika zaidi, na mara nyingi orodha huandikwa kwa kukisia halmashauri itakubali nini. Katika utafiti wa maoni, mhojiwa humpima mhoji: ametumwa na nani, na je, ana mradi mkononi? Anayedhani kwamba mgeni ameleta kisima atataja maji, na anayedhani kwamba mgeni anatoka serikalini atasifu. Tatizo hili lilitambuliwa mapema. Mwaka 2002 watafiti wa Afrobarometer waliochambua majibu ya Watanzania waliuliza katika kichwa cha andiko lao iwapo raia hao hawahoji, au wanaipa serikali yao dhamana kwa uvumilivu.

Mazingira ya kisheria nayo huathiri majibu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanywa mwaka 2018 yaliweka masharti makali juu ya uchapishaji wa takwimu, na masharti hayo yalilegezwa mwaka 2019. Katika hali kama hiyo mtafiti hujifunza kunyamaza, naye mhojiwa hujifunza kujibu kwa tahadhari. Kwa hiyo, asilimia iliyochapishwa haipaswi kusomwa bila kuzingatia mazingira ilimopatikana.

3.0 Lugha ya Swali

Ugumu mwingine umo katika lugha. Neno *kipaumbele* kwa umbo lake linabeba *kupa* na *umbele*, yaani kukipa kitu nafasi ya mbele. Neno *tatizo* huuliza jambo jingine: linauliza kinachouma. Majibu ya maswali haya mawili si lazima yafanane. Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mkulima katika kata kama Migato. Akiulizwa tatizo lake kubwa, anaweza kujibu kuwa ni njaa. Akiulizwa kitangulie nini, anaweza kujibu kuwa ni lambo, kwa sababu lambo humpunguzia safari ya maji, hunywesha ng'ombe na humpa bustani wakati wa kiangazi. Mtafiti aliyeandika *njaa* ataleta chakula cha msaada, ilhali aliyeandika *lambo* ataleta katapila. Mama ni yule yule na siku ni ile ile, lakini fedha zimekwenda njia mbili tofauti.

Neno *msaada* nalo linahitaji uangalifu. Katika mazungumzo ya kawaida, msaada ni mkono wa jirani wakati wa msiba au mavuno. Katika nyaraka za serikali, msaada hutofautishwa na mkopo. Kijijini tofauti hiyo aghalabu haionekani. Mwaka 2021, kwa mfano, Tanzania ilipata mkopo wa masharti nafuu wa takribani shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini, ambavyo wananchi waliviita *madarasa ya UVIKO*. Jina hilo halimtaji mkopeshaji wala mlipaji, ambaye ni mwananchi mwenyewe kupitia kodi. Mhojiwa akiulizwa iwapo misaada ya nje imelinufaisha eneo lake, akatazama darasa hilo, jibu lake litategemea jina alilolizoea.

Katika eneo la Wasukuma kuna hatua moja zaidi. Dodoso huandikwa kwa Kiswahili, lakini wazee wengi hufikiri na kujadiliana kwa Kisukuma. Tafsiri inayofanywa papo kwa papo na mhoji haibaki popote katika kumbukumbu za utafiti, ingawa ndiyo swali halisi ambalo mhojiwa amelijibu.

4.0 Misaada Mitatu Usukumani

Iwapo majibu ya mdomo yana mipaka hiyo, historia inaweza kutuonesha maoni ambayo wananchi waliyatoa kwa matendo.

4.1 Mpango wa Maendeleo ya Usukuma

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950, makao yake yakiwa Malya. Mpango ulilenga kuzuia mmomonyoko wa udongo, kupunguza mifugo na kuhamishia watu katika maeneo mapya. Wakulima walilazimishwa kwa sheria ndogo kulima matuta ya aina fulani, na wafugaji walitakiwa kupunguza ng'ombe. Hakuna aliyewauliza kama hicho ndicho kitangulie.

Wananchi walitoa maoni yao kwa kukaidi. Upinzani dhidi ya masharti hayo ulichangia kukua kwa TANU katika Kanda ya Ziwa, na ulazimishaji ukaachwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mpango huo huo ulijenga malambo mengi, nayo yalitumiwa. Watu hawakukataa maendeleo kwa ujumla wake. Walitenganisha kilichowafaa na kilichowaumiza, ingawa nyaraka za watawala ziliwahesabu kuwa wakaidi tu.

4.2 Hifadhi Ardhi Shinyanga

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa kifupi kama HASHI, ambao ulipata fedha kutoka Norwei. Wakati huo Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Ardhi ilikuwa imechakaa kwa sababu ya ukataji miti uliofanywa zamani ili kutokomeza mbung'o, kupanuka kwa mashamba ya pamba, wingi wa mifugo na uhamishaji wa watu wakati wa vijiji vya ujamaa.

Hapo mwanzo mradi ulitilia mkazo vitalu na upandaji wa miche, na mwitikio wa wananchi haukuwa mkubwa. Mabadiliko yalikuja pale wataalamu walipoitazama *ngitili*, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike ili litumike wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilikuwapo kabla ya mradi, na ilikuwa na sheria zake zilizojadiliwa katika *dagashida*, yaani baraza la jadi. Mradi uliposaidia kufufua ngitili badala ya kuleta utaratibu mgeni, maeneo yaliyohifadhiwa yaliongezeka kutoka mamia ya hekta hadi mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hapa ufanisi wa msaada ulitokana na kusoma kipaumbele ambacho hakikuwa kimeandikwa katika dodoso lolote. Mtu anayetenga sehemu ya ardhi yake isilishwe kwa miezi kadhaa, ilhali ng'ombe wake wana njaa, amekwisha kusema kinachotangulia.

4.3 Maji ya Ziwa Victoria

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya yuro milioni 100 kwa ajili ya mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi mkoani Simiyu, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, pamoja na mchango wa Serikali ya Tanzania. Kiini chake ni kuvuta maji kutoka Ziwa Victoria na kuyafikisha katika wilaya za mkoa, Itilima ikiwamo.

Kwamba maji ni hitaji halina ubishi. Kinachohitaji maoni ya wananchi ni yale yanayofuata baada ya bomba kufika: bei ya ndoo, mahali pa kituo, nafasi ya mifugo, na nani ataitwa pampu ikisimama. Uzoefu wa nchi unaonya. Upimaji wa vituo vya maji vijijini uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionesha kuwa takribani vituo vinne katika kila kumi havikuwa vikifanya kazi. Kila kimoja kilikuwa kimezinduliwa kwa shangwe. Kuanzishwa kwa RUWASA mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ni jitihada ya kuziba pengo hilo kati ya uzinduzi na matengenezo.

5.0 Umiliki ni wa Nani?

Azimio la Paris la mwaka 2005 liliweka umiliki kuwa msingi wa kwanza wa ufanisi wa misaada. Tanzania ilikuwa imelijadili suala hilo mapema zaidi kupitia ripoti ya kundi la Gerald Helleiner ya mwaka 1995, na hata Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba kutegemea fedha za nje kunahatarisha uhuru wa nchi. Hata hivyo, umiliki uliozungumzwa Paris kwa sehemu kubwa ulikuwa wa serikali kuu. Msaada wa bajeti, uliohesabiwa kuwa bora kwa kigezo hicho, uliingia Hazina na kuchanganyika na kodi. Mkazi wa Migato hakuweza kuuona wala kuuhoji. Washirika wa maendeleo waliposimamisha fedha hizo mwaka 2014 kwa sababu ya sakata la Escrow, mgogoro ulikuwa kati ya Dar es Salaam na balozi, lakini upungufu uliweza kufika hadi kijijini.

Kijijini umiliki una sura nyingine: boma la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa lenta, likisubiri serikali iezeke. Boma hilo ni maoni yaliyoandikwa kwa matofali. Hata hivyo, ushahidi huu nao uhojiwe. Mchango uliotozwa kwa vitisho vya mgambo si ridhaa. Vilevile, mwenye ng'ombe wengi huchangia zaidi na huweza kuonekana kuwa na maoni zaidi, ilhali mwanamke abebaye maji kila alfajiri hana risiti ya kuonesha. Hivyo, matendo yasomwe pamoja na maneno, na swali la nani hakusikika liulizwe kila mara.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba misaada iliyofanikiwa Usukumani ilijengwa juu ya kile ambacho wananchi walikuwa wamekwisha kukipa nafasi ya mbele. Kwa msingi huo, mtafiti anayekwenda Migato au katika kata yoyote ya jirani anapendekezewa kuongeza maswali matatu katika dodoso lake. Kwanza, katika miaka mitatu iliyopita umechangia nini kwa hiari yako, iwe fedha, nguvu au ardhi? Pili, ni huduma ipi ambayo ikiharibika leo mtaitengeneza bila kumsubiri mtu? Tatu, isipotengenezwa, mtamwendea nani, na je, atawajibu?

Swali la kwanza huonesha kipaumbele, la pili huonesha umiliki na la tatu huonesha uwajibikaji. Mwaka 2025, Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake duniani, ilidhihirika jinsi fedha za nje zinavyoweza kuondoka ghafla. Zinapoondoka, hubaki yale ambayo wananchi wangeyatunza hata kama mfadhili asingefika. Ni wajibu wa utafiti kuyatambua hayo mapema, kwa lugha ambayo wenyewe wanaitumia wanapokubaliana kitangulie nini.